Vikalio vya Fedha



Chuoni kwetu hapa Shinyanga tunaandaa mchezo wa Mateso ya Bwana, na mimi niko kundi la jukwaa: mbao, misumari, mapazia, taa. Juzi mwenzetu mmoja akauliza, "Hivi na sisi tunamtumikia Mungu, au tunawabebea tu waigizaji mbao?" Swali zuri. Tukalipeleka kwenye Biblia.

Fungua Kutoka 31. Anayejazwa roho ya Mungu pale si kuhani wala nabii. Ni fundi, Bezaleli wa kabila la Yuda, na msaidizi wake Oholiabu wa kabila la Dani. Kazi yao ni kuchonga, kufua na kujenga Hema.

Ninyi wa Geita najua mtakimbilia dhahabu. Kutoka 38 inataja talanta 29 na ushee. Mimi nilinasa kwenye vikalio. Kila ubao wa Hema ulisimama juu ya vikalio viwili vya fedha. Pamoja na vile vya nguzo za pazia vilikuwa 100, kila kimoja talanta nzima, zaidi ya kilo 30. Fedha yote hiyo inakaa mchangani! Lakini Hema lilibomolewa na kusimamishwa upya jangwani, na ukuta wa namna hiyo bila uzito chini haukai.

Mwenzetu wa Rwamgasa alilielewa hilo haraka kuliko sisi, maana kaka zake wanapiga matimba kwenye maduara ya dhahabu. Anasema matimba hayasifiwi na mtu, yanaulizwa siku duara limebomoka. Ndiye aliyekataa Pilato apande jukwaani kabla hatujapigilia mbao za mshazari nyuma na kugandamiza miguu yake kwa mawe. Mwongozaji akalalamika tunachelewesha mazoezi. Jamaa akagoma, basi, tukasubiri saa nzima. Kwangu alikuwa sahihi kabisa: wanaopanda pale ni ndugu zetu.

Halafu soma Hesabu 4. Ukoo wa Merari ulibeba mbao, nguzo, vikalio, hadi vigingi na kamba, na kila kitu kilikabidhiwa kwa kutajwa jina. Orodha ya kamba, ndani ya Maandiko! Sura ya 7 inawapa magari 4 na ng'ombe 8, wengi kuliko ukoo wowote. Sisi tuliokulia kwenye mikokoteni ya ng'ombe tunajua huo ni mzigo wa namna gani.

Wiki ijayo njoo umesoma Hesabu 4:29-33. Tutaandika ukutani nyuma ya pazia nani kashika kamba, nani taa, nani nyundo. Kwa majina.