Kusoma Mchoro wa Nyumba: Tembe la Wahehe na Ua Wake

Wanachuo wenzangu, mchoro wa zamani wa nyumba si pambo la kitabu. Ni chanzo cha historia, na chanzo lazima kihojiwe. James Augustus Grant, aliyesafiri na John Hanning Speke mwaka 1860 hadi 1863, alichora kwa rangi za maji mambo aliyoyaona njiani. Michoro yake imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Scotland, Edinburgh. Walipita Ugogo, nchi ya matembe, lakini Uhehe hawakufika. Tembe la Iringa, basi, linatusubiri sisi.

Tembe hujengwa kwa nguzo, fito na udongo. Paa lake ni bapa, nalo limefunikwa udongo. Vyumba hufuatana kwa mstari, na tembe kubwa huzunguka ua pande zote nne. Milango hutazama uani. Ukipita nje unaona ukuta tu, kimya kabisa. Kumbe maisha yako ndani: kupika, kutwanga, watoto kucheza, na usiku ng'ombe kulala.

Mimi nasomea ualimu, na darasani ningeanza na maswali matatu.

Kwanza, mchoraji alisimama wapi? Aliyebaki nje atachora ukuta, nasi tutadhani nyumba haikuwa na watu.

Pili, paa linasema nini kuhusu hali ya hewa? Paa la udongo linafaa penye mvua chache. Lipeleke Rungwe, mkoani Mbeya, masika moja tu kwisha habari yake. Ndiyo maana Wanyakyusa walijenga kwa mianzi, wakaezeka nyasi kwa mteremko mkali.

Tatu, nini hakimo? Sauti haichoreki. Jina la mwenye nyumba lingeweza kuandikwa, ila mara nyingi halikuandikwa.

Mabati na matofali yanachukua nafasi ya tembe, na hakuna wa kumlaumu: paa la udongo linavuja na lina kazi nyingi. Lakini likibomoka kabla halijachorwa, tumepoteza somo. Ukipangiwa mazoezi ya kufundisha vijijini Iringa, beba karatasi na rangi za maji. Mwombe mwenye nyumba ruhusa, wanafunzi waingie uani wachore kutoka ndani. Nyuma ya karatasi waandike kijiji, tarehe, aliyejenga na kila chumba kilikuwa cha nani. Bibi au babu mwenye kujua hayo bado yupo wa kuulizwa.