Kolesteroli ya Ukoo: Vidokezo kwa Waishio Kensington

Ukitoka Kensington, mashariki mwa Johannesburg, si mbali kufika Parktown, penye shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Mwaka 1980 Profesa Harold Seftel na wenzake wa jijini hapa walichapisha habari za wagonjwa 34 waliorithi kolesteroli kali kutoka kwa baba na mama pia. Walikuwa Waafrikana, wazao wa walowezi wachache waliooana wao kwa wao kwa karne kadhaa. Kwa makisio ya madaktari hao, Mwafrikana 1 kati ya 100 wa mkoa wa Transvaal wa wakati huo alibeba jeni lenye kasoro hiyo. Profesa Frederick Raal, wa chuo hichohicho, ameiendeleza kazi hiyo kwa miaka mingi. Jeni la aina hii lipo kwa mataifa yote, sisi wasemaji wa Kiswahili tukiwemo.

1. Anza na ukoo, jikoni baadaye. Waulize wazee: nani alifariki ghafla kwa moyo kabla ya miaka 55, au 60 kama ni mwanamke? Kwetu husemwa "alianguka tu", au "ni mkono wa mtu", na habari ikaishia hapo. Usikubali iishie hapo. Mzazi mmoja akiwa na jeni hilo, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kulirithi. Kwa hiyo ukigundulika nalo, wapigie simu ndugu walioko Lubumbashi, Kigoma au Mombasa nao wakapime. Watoto wapimwe mapema, ikiwezekana kabla ya miaka 10.

2. Jua kinachotokea ndani. Kolesteroli haiyeyuki katika damu, hivyo husafiri ndani ya chembe ziitwazo lipoproteini. Iliyo hatari ikizidi ni LDL, maana hupenya kuta za mishipa na kujilimbikiza humo. Ini lina vipokezi vya kuidaka na kuiondoa. Waliogundua hilo, Michael Brown na Joseph Goldstein wa Marekani, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Aliyerithi tatizo hili ana vipokezi pungufu au vibovu, hata awe mwembamba na mla mboga.

3. Soma majibu yako mwenyewe. Usiridhike na "iko juu kidogo". Omba namba ya LDL. Kwa mtu mzima, LDL ikipita milimoli 4.9 kwa lita, au kolesteroli yote ikipita 7.5, muulize daktari waziwazi kama inaweza kuwa ya kurithi.

4. Shika visigino. Pitisha vidole juu ya kano nene iliyo nyuma ya kifundo cha mguu. Ikiwa nene kupita kawaida au ina vinundu vigumu, mwonyeshe daktari: yaweza kuwa dalili ya tatizo hili. Tazama pia vifundo vya vidole vya mkono, na duara jeupe pembeni mwa mboni kwa mtu ambaye hajafika miaka 45.

5. Punguza mawese, samli, boerewors na vetkoek. Maharage, mboga na samaki viongezeke. Ila chakula peke yake hakimtoshi aliyerithi, na asilaumiwe kwa hilo.

6. Dawa usiiache kwa sababu namba imeshuka. Imeshuka kwa sababu unaimeza. Raal na wenzake walifuatilia wagonjwa 149 wa Afrika Kusini waliorithi kutoka pande zote mbili: kabla ya tiba za kisasa, hasa vidonge vya statini vya kushusha kolesteroli, waliofariki walikuwa na wastani wa miaka 18.4, baada yake, 32.9. Miaka hiyo kumi na minne na nusu ya ziada ni watu kumaliza shule, kuoa na kulea. Siku hizi kuna pia sindano kama evolocumab na inclisiran, na Raal ameongoza majaribio ya sindano hizo. Misuli ikiuma, au ukipanga kushika mimba, zungumza na daktari kabla ya kuacha au kuendelea.

7. Panda Langermann Kop, taratibu. Kilima hicho ni zoezi la bure. Lakini kifua kikibana ukipanda na kuachia ukipumzika, usiseme ni gesi: nenda ukapimwe wiki hiyohiyo. Kikibana umekaa na maumivu yakashuka mkononi au kupanda tayani, usisubiri asubuhi wala usiendeshe gari mwenyewe. Ita gari la wagonjwa.