Kabla ya Kuchora Lebo, Ujue Ugonjwa

Tuseme klabu yenu ya afya imepata kazi. Kiwanda kidogo cha maji ya chupa kinataka lebo mpya, na kwa kila chupa itakayouzwa fedha kidogo zitakwenda kuwasaidia watoto wenye selimundu, ugonjwa ambao wengine huuita sikoseli. Utaratibu huu ni mzuri. Lakini usikimbilie kalamu za rangi, subiri kwanza! Lebo hiyo itasomwa na watu wengi. Atakuwemo mgonjwa mwenyewe, atakuwemo mama yake, na atakuwemo jirani anayewacheka. Ukiandika uongo, chupa itausambaza mpaka vijijini.

Basi tuanze na utafiti. Fuata hatua hizi.

1. Ugonjwa unafanyaje kazi?
Damu ina chembe nyekundu zinazobeba oksijeni. Kwa kawaida chembe hizi ni za mviringo na laini, kwa hiyo hupita hata kwenye mishipa myembamba. Kwa mwenye selimundu, chembe hujipinda kama mundu, na ndiko jina lilikotoka. Huwa ngumu, huziba mishipa, na sehemu isiyopata damu huuma mno. Tena hufa mapema. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, lakini ya mundu huishi siku 10 hadi 20 tu. Ndiyo maana mgonjwa hupungukiwa damu. Tanzania peke yake, inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka. Si mchezo!

2. Unapatikanaje?
Kwa kurithi tu. Hauambukizi kwa kula pamoja, kulala chumba kimoja wala kunywea chupa moja. Mtoto huugua akipokea vinasaba vya ugonjwa kutoka kwa baba na kwa mama. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, wenyewe wazima kabisa, katika kila mimba kuna nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto mgonjwa. Kwa hiyo wale wanaosema eti mama ndiye kauleta, wamekosea. Neno "hauambukizi" ni dogo, lakini kwenye lebo lina kazi kubwa.

3. Kinywaji na ugonjwa vinahusiana vipi?
Hapa maji yanafaa kweli. Mwili ukikaukiwa maji, chembe hujipinda kwa urahisi zaidi. Tena figo za mgonjwa hushindwa kuhifadhi maji vizuri, naye hukojoa mara kwa mara. Mwanafunzi mwenye selimundu anahitaji kunywa maji mara nyingi na kuruhusiwa kwenda chooni. Lakini angalia: maji yanasaidia, hayaponyi. Mgonjwa anahitaji kliniki, vidonge vya foliki, penisilini akiwa mdogo, na wengi hutumia dawa ya haidroksiyurea. Akipata homa, apelekwe hospitali haraka.
Jambo jingine: wachoraji hupenda kupamba chupa kwa mabonge ya barafu. Mwili kupigwa na baridi ni mojawapo ya mambo yanayoamsha maumivu. Je, barafu ni picha ya kufaa hapa?

4. Waulize wenyewe
Ombeni ruhusa kliniki, mzungumze na wagonjwa na wazazi wao. Ulizeni: mngependa watu wajue nini? Picha gani inawaudhi? Usitumie picha ya mtoto bila idhini ya mzazi, na mtoto mwenyewe aulizwe. Mtoto anayelia huvuta huruma, lakini kesho mtoto huyo atakwenda shule na wenzake wataiona chupa.

5. Fedha zinakwenda wapi?
"Sehemu ya mapato" haitoshi. Lebo iseme ni shilingi ngapi kwa kila chupa, zinapokewa na nani, na mpaka lini. Kiwanda kikikataa kusema, nanyi mna haki ya kukataa kuchora.

6. Ijaribuni kabla ya kuchapa
Hata wakubwa hujikwaa. Mwaka 2011 Coca-Cola ilitoa makopo meupe huko Marekani na Kanada ili kuchangia hifadhi ya dubu weupe. Wanywaji kadhaa waliyafananisha na makopo ya Diet Coke, ile isiyo na sukari, wakalalamika. Kabla mwaka haujaisha kampuni ikarudisha rangi nyekundu. Kwa hiyo mwonyeshe lebo muuza duka, bibi na mtoto wa darasa la tatu. Usiwaeleze kitu. Waulize tu: "Umeelewa nini?" Wakielewa vingine, kosa ni la lebo.

ZOEZI LA KIKUNDI
Chagueni maneno yanayofaa kuwekwa kwenye chupa, na mseme kwa nini mengine hayafai.
(a) Maji haya yanaponya selimundu.
(b) Nunua chupa, umwokoe mtoto anayekufa.
(c) Selimundu hurithiwa, haiambukizi. Maji husaidia, kliniki ni lazima.
(d) Akina mama, msiwape watoto wenu selimundu!

Mkishakubaliana, sasa chukueni kalamu za rangi.