Galaksi si mfumo wa jua uliokuzwa

Mwaka wangu wa kwanza hapa Uingereza niliandika kwenye mtihani kwamba galaksi ni mfumo wa jua ulio mkubwa zaidi, ila katikati badala ya Jua kuna shimo jeusi. Nilijiamini kweli kweli! Karatasi ikarudi na mstari mwekundu, swali zima sifuri. Juzi nimewasikia wadogo zetu wawili wakibishana na kusema yale yale, na mtihani uko karibu, basi naomba niwaokoe.

Kwanza ukubwa. Nuru ikitoka kwenye Jua inafika Neptuni baada ya saa 4 na ushei. Kuvuka galaksi yetu, Njia ya Maziwa, inahitaji kama miaka 100,000. Ndani yake mna nyota zaidi ya bilioni 100, na Jua letu ni moja tu, tena halikai mjini kati.

Mfumo wetu ulizaliwa miaka bilioni 4.6 iliyopita. Wingu la gesi baridi na vumbi lilijikunja kwa uzito wake lenyewe, na kadiri lilivyosinyaa ndivyo lilivyozidi kuzunguka kasi, likawa bapa kama chapati. Katikati likawaka Jua, mabaki yakagandana yakawa sayari. Karibu na moto barafu haikudumu, ndiyo maana Dunia na jirani zake ni mawe. Mshtarii, huko kwenye baridi, ikajipatia barafu na gesi ikanenepa.

Galaksi je? Msingi wake ni maada ya giza, kitu kisichoonekana, kilichojikusanya mafungu mafungu baada ya Mlipuko Mkuu wa miaka bilioni 13.8 iliyopita. Mafungu hayo yakavuta gesi, gesi ikapoa ikazaa nyota, kisha galaksi ndogo zikamezwa na kubwa.

Sasa kosa langu. Katika mfumo wa jua, asilimia 99.8 ya uzito wote iko kwenye Jua. Kwa hiyo Utaridi iliyo karibu hukimbia kilomita 47 kwa sekunde, Neptuni hujikokota kwa 5 tu. Galaksi ingekuwa hivyo, nyota za pembeni nazo zingejikokota. Lakini mwaka 1970 Vera Rubin na Kent Ford walitoa vipimo vya galaksi ya Andromeda: za pembeni zinakimbia karibu sawa na za ndani! Shimo jeusi letu lina uzito wa majua kama milioni 4. Ukisikia utashtuka, ila mbele ya galaksi nzima ni punje. Kumbe uzito umetapakaa kote, na mwingi ni ile maada ya giza.

Atakayekwenda likizo kwetu Songea mwezi Januari, mvua ikiruhusu, usiku usio na mbalamwezi atazame kusini. Ataona kidoa cheupe: Wingu Kubwa la Magellan, galaksi nzima kwa macho matupu, umbali wa miaka ya nuru kama 160,000. Huku Uingereza halichomozi kabisa. Mimi utotoni nililiona mara nyingi, nikadhani ni wingu la mvua lililosahaulika.