SOMO LA KOMPYUTA: NAMBA MOJA KWA MIRADI YOTE

Somo hili ni la vijana wa chumba cha kompyuta, lakini hata wewe usiyegusa kompyuta linakuhusu. Malalamiko huweza kufuatiliwa kwa programu kama Jira, iliyotolewa mwaka 2002 na kampuni ya Atlassian ya Australia. Kila lalamiko hupewa namba yake na kuitwa tiketi. Tiketi hukaa ndani ya mradi: maji, makazi au mgao wa chakula. Halafu kuna kanuni, yaani amri ambazo programu huzitekeleza yenyewe bila mtu kubonyeza.

Tuseme kanuni inasema: tiketi ikipita siku 14 bila jibu, mkuu wa kitengo apelekewe barua. Miradi mitatu, kanuni tatu, na kila moja imeandikwa 14. Sasa mkutano umeamua ziwe siku 7. Karani anabadilisha ya maji na ya chakula, ya makazi inasahaulika. Mama aliyeripoti paa linalovuja atangoja wiki nzima zaidi, na mvua haingoji. Hakuna atakayejua, maana kompyuta haikukosea: imetii ilichoandikiwa.

Wengi hukimbilia kutengeneza kigeugeu ndani ya kanuni. Hakifai hapa. Kigeugeu hicho huishi wakati kanuni inapofanya kazi tu. Ikimaliza kimekufa, na kanuni ya jirani haikioni.

Kama kanuni zote tatu zinafanana kabisa, muombe msimamizi aziunganishe ziwe moja inayohudumia miradi yote. Zikitofautiana, fanya hivi. Fungua mradi mdogo wa mipangilio. Ndani yake weka tiketi moja, na kwenye kichwa chake andika 7 tu. Kila kanuni ianze kwa kuitafuta tiketi hiyo, kwa hatua ya kutafuta tiketi (lookup), kisha ichukue namba kutoka humo. Siku ya kubadilisha, unabadilisha mahali pamoja.

Hapa ndipo wanafunzi wanapokwama. Kanuni lazima iwe na ruhusa ya kuiona tiketi hiyo, na ni salama zaidi msimamizi akiipa upeo unaogusa miradi yote husika. Pia kichwa cha tiketi ni maandishi, si namba. Kigeuze kuwa namba kabla ya kukilinganisha na siku. Na je, mtu akiifuta tiketi? Kanuni itapata utupu. Kwa hiyo ongeza sharti: ikikosa namba, isimame na kumwandikia msimamizi. Mimi naliona sharti hili ni la lazima, ingawa wengi huliruka kwa haraka.

Ruhusa ya kuhariri tiketi hiyo wapewe watu wawili au watatu tu. Historia yake itaonyesha nani alibadilisha namba, lini, na ilikuwa ngapi kabla.