Gari Lenye Ila na Karatasi ya "Limeuzwa Lilivyo"



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, katika somo la muamalati kuna mlango ambao wengi wetu huupita mbio ili tufike kwenye riba. Nao ni mlango wa khiyari. Nimeuchagua kwa sababu ya biashara tunayoiona kila siku hapa mpakani. Magari yaliyotumika Japani hushushwa Mombasa, hupanda bara, huvuka Malaba au Busia, na anayekaa Mella wilayani Tororo hana haja ya kwenda mbali kumpata muuzaji. Jamaa zetu huuza ng'ombe, huongeza mkopo wa kikundi, wakanunua gari la kubebea abiria. Wiki mbili baadaye gia zinaanza kuteleza. Mnunuzi akirudi, anaonyeshwa karatasi aliyoitia sahihi mwenyewe: limeuzwa lilivyo. Wengi huondoka hapo wakiamini kwamba hata Sharia imewafungia mlango.

Haikuwafungia. Lakini mnunuzi anaweza kuufunga kwa mkono wake mwenyewe bila kujua, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi kuliko ile karatasi.

Nitafuata madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu tumelelewa nayo, hasa kupitia Minhaj at-Talibin ya Imamu Nawawi aliyefariki mwaka 676 Hijria. Madhehebu mengine nitayagusa panapohitajika.

Ila ni kitu gani?

Si kila ubovu unaompa mnunuzi haki ya kurudisha. Wanazuoni wanasema ila ni kila kinachopunguza kitu chenyewe au thamani yake, kwa namna inayokosesha kusudio la maana, ikiwa kwa kawaida kitu cha aina ile huwa hakina upungufu huo. Maneno ya mwisho yana uzito. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu kutengenezwa. Uganda, tangu sheria ya mwaka 2018, mpaka wake ni miaka 15. Kwa hiyo gari la miaka 14 lenye viti vilivyochakaa na rangi iliyofifia halina ila, maana yote ya umri wake yako hivyo. Injini inayochanganya maji na oili ni ila hata gari likiwa na umri wa babu. Anayeamua ni desturi na wajuzi wa kazi, yaani mafundi waadilifu, wala si hasira za mnunuzi.

Tena ni lazima ila iwe ilikuwapo kabla hujakabidhiwa, na uwe hukuijua. Aliyeambiwa kwamba gia zina matatizo akapunguziwa bei, amekwisha kuridhia.

Kuna jambo jingine lililo jirani na ila, nalo ni hadaa. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza kufunga chuchu za ngamia na kondoo ili maziwa yajae na mnunuzi adhani mnyama ni wa maziwa mengi, akampa aliyehadaiwa khiyari ya kubaki naye au kumrudisha. Wanazuoni wa Kishafi wakaunganisha na hukumu hiyo maji ya kinu yanayozuiwa kisha kufunguliwa siku ya kuuza, ili kinu kionekane kina nguvu. Sasa fikiria mita ya gari iliyorudishwa nyuma kutoka kilomita 210,000 hadi 78,000. Huenda gari halina hata sauti mbaya, lakini chuchu zimefungwa. Sioni tofauti yoyote kati ya mambo haya mawili, na mnunuzi wake ana khiyari.

Karatasi ina nguvu gani?

Katika Muwatta ya Imamu Malik kuna kisa cha Abdullah bin Umar (R.A.). Alimuuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti la kutodaiwa ila. Mnunuzi akalalamika kwamba mtumwa ana ugonjwa ambao hakutajiwa, wakafika kwa Sayyidna Uthman. Uthman akaamua kwamba Ibn Umar aape kuwa alipouza hakujua ugonjwa wowote. Ibn Umar akakataa kuapa, akamchukua mtumwa wake. Baadaye yule mtumwa akapona, akauzwa kwa dirhamu 1,500.

Tuangalie kilichopita hapo. Sharti lilikuwapo, na muuzaji alikuwa mtu ambaye hakuna anayetilia shaka uchamungu wake. Hata hivyo khalifa hakusema "sharti ni sharti, nendeni zenu." Aliuliza muuzaji alijua nini.

Kutokana na kisa hiki Imamu Shafi alisema kwamba sharti la namna hiyo humwokoa muuzaji katika hali moja tu: ila iliyofichika, ndani ya mnyama, ambayo muuzaji hakuijua. Sababu yake ni kwamba mnyama hula akiwa mzima na hula akiwa mgonjwa, hali yake hugeuka, na ni nadra kukosa ugonjwa usioonekana. Visivyo wanyama havimo. Kwa kauli hii yenye nguvu ndani ya madhehebu, karatasi ya "limeuzwa lilivyo" haimwokoi muuza gari hata kama kweli hakujua. Wahanafi wanaona tofauti: kwao sharti hilo humtoa muuzaji katika ila zote. Basi mwenye yadi akikuambia ana kauli ya wanazuoni, usimwite mwongo.

Kuna mwenzetu darasani aliyesema kwamba gari kuukuu limekuwa kama mnyama: leo linakwenda, kesho limelala, na hakuna ajuaye ndani lina nini. Hoja yake nzuri, ila siipokei. Ng'ombe huwezi kumfungua tumbo kabla ya kumuuza. Gari fundi hulifungua, hulisikiliza, hulipima kwa kompyuta, akakueleza. Kisichojulikana kwa mnyama hakijulikani kwa asili yake. Kisichojulikana kwa gari mara nyingi ni kwa sababu kuna mtu hakutaka kijulikane.

Na aliyejua akanyamaza, hana kinga kwa Wahanafi wala kwa Washafi mbele ya Mola wake. Hadithi ya Uqba bin Amir iliyo kwa Ibn Majah inaharamisha kumuuzia ndugu yako kitu chenye ila bila kumbainishia. Hukumu hiyo haiishii kwa muuzaji. Wathila bin al-Asqa' (R.A.), sahaba, alimfuata mtu aliyekuwa amekwisha kununua ngamia wa mtu mwingine, akamweleza kwamba kwato za mnyama huyo zina tatizo. Mwenye mali akamlaumu kwa kumharibia biashara. Wathila akajibu kwa hadithi kwamba anayejua ila naye halali kwake kunyamaza. Hili nalisema kwa sababu baadhi yetu chuoni tunapata kamisheni kwa kutuma picha za magari kwenye makundi ya WhatsApp. Ukimjua fundi aliyeziba sauti ya injini kwa oili nzito, umekwisha kuwa Wathila, utake usitake.

Mnunuzi anavyoipoteza haki yake

Kurudisha kwa ila ni kwa haraka. Vitabu vinakwenda hadi kwenye mambo madogo: aliyejua ila akiwa ndani ya swala amalize swala, aliyekuwa anakula amalize chakula, aliyejua usiku asubiri kupambazuke. Baada ya hapo ni kwenda. Akichelewa bila udhuru, haki imeanguka. Asiyejua kwamba kuna kuharakisha anapewa udhuru, kwa kuwa suala hili hufichika kwa watu wa kawaida. Wewe uliyesoma hadi hapa huna tena udhuru huo.

Sharti la pili ni kuacha kukitumia. Nawawi anasema hata kumwacha mnyama na tandiko mgongoni baada ya kujua ila hubatilisha haki, isipokuwa kumpanda mnyama mkorofi asiyeweza kuongozwa kwa kamba. Gari halifuati kamba. Kwa maoni yangu kuliendesha moja kwa moja hadi kwa muuzaji kunasameheka. Kupakia abiria wawili njiani "ili nipate ya mafuta" hakusameheki. Na hapa ndipo jamaa zetu wanapoangukia: gia zinateleza Jumatatu, anaendelea na safari za Tororo mpaka mwisho wa mwezi kwa sababu mkopo unadai, halafu anakwenda kulalamika. Namwonea huruma, lakini matumizi yake yamehesabiwa kuwa ameridhia.

Nauli alizopata kabla ya kujua ni zake. Hadithi ya Bibi Aisha (R.A.) kwa Abu Daud na wengine inaeleza kwamba faida humfuata mwenye kubeba dhamana, gari lingeungua siku zile, hasara ingekuwa yake. Muuzaji asikate "kodi ya matumizi" katika kurudisha fedha.

Je, gari likipata ubovu mpya mkononi mwa mnunuzi, tuseme amegonga mlango? Hapo hawezi kumlazimisha muuzaji kulipokea. Muuzaji akikataa, mnunuzi hupata arshi, yaani sehemu ya bei inayolingana na upungufu. Tuseme gari zima ni shilingi za Uganda 20,000,000, na likiwa na ila ile ni 15,000,000. Limepungua robo. Kama alilinunua kwa 18,000,000, atarudishiwa robo ya bei yake, 4,500,000. Kwa Wahanbali anaweza kuchagua kubaki na gari na kupokea arshi tangu mwanzo.

Kulifungua gia boksi ili kuijua ila si ubovu mpya, kwa kadiri ile tu isiyoepukika. Nawawi anatoa mfano wa yai na nazi: huwezi kujua imeoza mpaka uivunje.

Ushahidi na mahakama

Mkikhitilafiana kama ila ni ya zamani au mpya, na yote mawili yanawezekana, muuzaji ndiye anayesadikiwa kwa kiapo chake. Kwa hiyo siku ile ile unapogundua, lipeleke kwa mafundi wawili wasio na uhusiano na yadi, waandike walichokiona na tarehe, kisha mbele ya mashahidi utamke kwamba umevunja mauzo. Mtumie muuzaji ujumbe wa maneno hayo hayo. Ujumbe pekee sidhani unatosha kifikihi, lakini mahali pa kuthibitisha tarehe unasaidia sana.

Mara nyingi watu hukimbilia kwa kadhi. Upande wa Kenya, kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010 kinamwekea kadhi hali ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi, gari halimo. Anaweza kukusuluhisheni, si kumlazimisha muuzaji. Ulazima uko kwenye Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 za Kenya, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inamhesabu muuzaji kuwa amedhamini ubora unaostahiki. Uganda utaratibu wa madai madogo hauzidi shilingi 10,000,000, na sheria ya kuangalia ni ile ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya 2017. Bei nzima ya gari mara nyingi hupita kiwango hicho, lakini fidia ya upungufu, kama ule wa 4,500,000, huingia. Shitaki upande ule ulikonunulia, na uende na ile karatasi pia, usiifiche: jina la muuzaji, namba ya chesisi na tarehe ya kukabidhiana vimo humo humo.

Wallahu aalam.