Istilahi za Nyumba ya Mawe: Mwongozo kwa Mwenye Nyumba na Fundi Wake

Kwa kuwa nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Unguja na za mji wa Lamu, miji ambayo UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2000 na 2001, huharibika si kwa uzee pekee bali pia kwa matengenezo yasiyoafikiana na tabia ya ujenzi wake, imetupasa kubainisha hapa istilahi zilizo muhimu, ili mwenye nyumba na fundi wafahamiane kabla kazi haijaanza.

Msingi na ukuta
Msingi ni sehemu iliyofukiwa ardhini, nayo ndiyo ihimiliyo uzito wote. Juu yake husimama ukuta mnene wa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na mchanga, na unyofu wake hupimwa kwa timazi, yaani uzi wenye kizito nchani.

Chokaa na lipu
Chokaa hupatikana kwa kuchoma matumbawe, kisha hutiwa maji na kuachwa ilainike. Lipu ni tabaka lipakwalo ukutani: iliyo ya chokaa huuachia nje unyevu upandao kutoka ardhini, ilhali ile ya saruji huufungia ndani, hata ukuta ukatoa chumvi na lipu yenyewe ikabanduka.

Boriti na sakafu
Boriti ni miti ya mikoko ilazwayo toka ukuta hadi ukuta. Na kwa kuwa urefu wake una kadiri, vyumba vya nyumba hizi vikawa virefu na vyembamba. Sakafu ni mawe madogo na chokaa, vilivyotandazwa juu ya boriti na kupondwa mpaka vikashikana.

Mlango
Miimo ni nguzo mbili za pembeni, kizingiti ni ubao wa chini ukanyagwao, na mfaa ni ubao wa katikati ambapo mbao mbili za mlango hukutana.

Nasaha
Kabla ya kupatana ujira, mwombe fundi akague vichwa vya boriti vilivyomo ukutani, kwani huko ndiko uozo uanzako. Na azibue mlizamu, ambao ni mfereji utoao maji ya mvua darini. Maji yakiisha kuzuiwa juu, ndipo lipu ipakwe chini, nayo iwe ya chokaa. Kinyume cha tartibu hiyo, gharama yote hupotea bure.